Shamba Lisilo na Kufuli

Jumatatu, 3 Machi 1975

Tumefika Kwedikole saa nane mchana. Landrova ilikwama mara mbili kwenye tope la barabara ya Handeni, na mara zote mbili wagonjwa ndio walioshuka kuisukuma. Wako wanane. Mkubwa ana miaka ishirini na miwili, mdogo kumi na saba. Tumekuja na unga, maharage, majembe, sanduku la dawa na amri mbili za daktari: hakuna kumfunga mtu, wala kufunga mlango.

"Wodini tumemponya nani, Hilaria?" daktari aliniuliza njiani.

Miaka minne katika wodi ya wagonjwa wa akili nimewafunga watu mikanda kitandani na kuwadunga sindano mpaka udenda uwatoke, wakatulia, wakaenda kwao, wakarudi wale wale. Sasa daktari anataka kujaribu jua, udongo, kazi ya mikono na hewa ya porini kwa vijana hawa. Tumepewa msimu mmoja. Mahindi yakivunwa na vijana wakiwa na nafuu, kambi itaendelea. La sivyo, wote watarudi nyuma ya vyuma.

Amenipa madaftari mawili. La kwanza ni la hali za wagonjwa. Hili nimelichukua mimi.

Jumanne, 4 Machi

Msimamizi wa shamba anaitwa Fabiani, Mzigua wa makamo, zamani alikuwa askari. Hatembei bila bakora. Asubuhi amewapanga mstari na kumchapa Rehani miguuni kwa sababu alikuwa anaongea peke yake. Rehani alikuwa mwanafunzi wa sekondari kabla sauti hazijaanza kumsemesha. Nilipomwambia Fabiani kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe, akanijibu, "Sista, jeshini sauti ya afande inazishinda zote."

Nimemchukia mtu huyu siku ya pili tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkono wa Fabiani umevunjika.

Lesiamon ni Mmaasai wa mbuga za Handeni. Ng'ombe wa baba yake walikufa kwa ukame mpaka wa mwisho, na tangu hapo aliacha kula, akawa anakaa katikati ya barabara akisubiri magari yamkanyage. Polisi ndio waliomleta wodini. Leo Fabiani amempa jembe. Lesiamon akaliweka chini taratibu kama mtu anayeweka mtoto.

"Sichimbi ardhi," akasema. "Ukiichimba unaiua. Majani yatatoka wapi?"

Fabiani akamchapa bakora ya mgongo. Akachapa ya pili. Ya tatu ilipokuwa bado hewani, Lesiamon alikwishaokota mpini mtupu na kuupiga mkono ule juu ya kiwiko. Mlio niliusikia nikiwa upande wa pili wa shamba, mkavu, kama tawi. Aliendelea kumpiga Fabiani akiwa chini, kwenye mbavu, kwenye mapaja, bila hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha. Vijana wengine wakaanza kupiga kelele, mmoja akawa anapigiza kichwa chake kwenye shina la mti mpaka damu ikamwingia machoni. Nilikimbia na sindano ya Lagaktili, dawa ya kutuliza. Tulimwangusha Lesiamon watu watano.

Nilitafuta kamba. Nakiri humu: niliitafuta kamba na kuipata. Fabiani, ameketi udongoni mkono ukining'inia, midomo imekuwa ya kijivu, akasema, "Acha. Daktari kasema tusifunge."

Ijumaa, 7 Machi

Fabiani kapelekwa Korogwe kuwekwa plasta. Mvua kutwa.

Jumanne, 11 Machi

Leo ni Chausiku. Ana miaka kumi na tisa, kwao ni upande wa Kabuku. Viganja vyake vyote viwili vina makovu, ngozi imevutika ikang'aa kama karatasi ya sigara. Faili linasema tu: huona moto, huwa mkali.

Mama Mwantumu, anayetupikia, alipuliza kuni na moto ukaruka. Chausiku alikuwa anapita na ndoo. Aliitupa ndoo, akamrukia bibi wa watu, akamburuza kwa nywele kutoka jikoni mpaka uani huku akilia, "Toka! Toka nje!" Tulipomtoa, meno yake yalikuwa yameacha alama begani kwa Mwantumu, na nywele za mvi zilikuwa zimebaki vidoleni mwake.

Mwantumu, nikimsafisha kidonda, akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Mwanangu, huyu hakuwa ananipiga. Alikuwa ananiokoa."

Nimempangia Chausiku kazi ya shamba la mbali, karibu na kijito, ambako moshi haufiki.

Jumamosi, 15 Machi

Mgeni wa kwanza. Ndugu Mdoe, kamanda wa mgambo wa kijiji cha ujamaa hapo jirani. Mrefu, safi, mpole. Hucheka kidogo kabla ya kusema neno, kama mtu anayeomba radhi mapema. Ameniletea sukari, na sukari haionekani hata Korogwe mjini. Fabiani amerudi na plasta yake, na sasa bakora iko mkono wa kushoto; mbele ya Mdoe alionekana kama mnyama.

"Watu wangu wanawaogopa hawa vijana wako, Sista," Mdoe alisema. "Lakini mimi nimewaambia, hawa nao ni wajenzi wa taifa."

Amejitolea kutuazima maksai wawili wa kijiji tulime.

Jumatatu, 17 Machi

Maksai wamekuja. Lesiamon, ambaye tangu siku ile hajasema neno, aliinuka chini ya ukuta alikokuwa amelala, akaenda akawashika masikio, akawafungua midomo na kuwatazama meno, akawanusa. Kisha akamwambia Fabiani, mtu aliyemvunja mkono: "Huyu mweusi ana kupe ndani ya sikio. Mna mafuta?"

Fabiani akaenda kuleta mafuta.

Jumatano, 26 Machi

Tumepanda. Lesiamon anashika maksai lakini haangalii nyuma yake, ardhi inapogeuka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Rehani anasema sauti hushuka akiwa analima na hupanda akiketi. Nimeandika kwenye daftari la daktari. Kijana aliyepigiza kichwa siku ile anaenda kijitoni kila alfajiri kuoga, hakuna aliyemwambia.

Jumapili, 13 Aprili

Mdoe kaja tena, kaleta chumvi na gazeti la juzi. Vijana walikuwa shambani. Tumeongea saa nzima. Ni miezi mingi sijaongea na mtu mwenye adabu kama yake.

Jumatatu, 21 Aprili

Chausiku amelala usiku wa kumi bila dawa. Mchana yuko kijitoni na mihogo yake. Huchimba kwa mikono ile yenye makovu, jembe hulitumia pale tu udongo unapokuwa mgumu. Nilimuuliza anajisikiaje. Akafikiri.

"Udongo ni wa baridi, Sista."

Ijumaa, 9 Mei

Nyani wameingia. Mahindi yameanza kubeba, na kundi zima limeshuka saa nne asubuhi kutoka kilimani, dume kubwa limetangulia. Vijana waliwafukuza kwa mawe na makelele, hiyo ndiyo zamu yao siku hizi. Lakini dume likamgeukia Rehani, likamrarua paja.

Lesiamon alilirushia rungu likaanguka. Jambo lingekwisha hapo. Vijana wakalizunguka na mipini na mawe wakalipiga, na lilipokufa waliendelea. Walilipiga mpaka uso ukapotea, mpaka meno yakatawanyika kwenye majani, sita kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikikaza kitambaa kwenye paja la Rehani huku nikipiga kelele za kuwazuia ambazo hakuna aliyezisikia. Chausiku peke yake alisimama kando, mikono nyuma.

Fabiani ndiye aliyeingia katikati. Hakuchapa mtu. Alijilaza juu ya ule mzoga, plasta na yote, wakampiga mara mbili tatu kabla ya kuona ni mtu. Wakaacha.

Alioga, akaja kwenye kibanda cha dawa nimtazame mgongo. Akasema, "Umeona walivyoshika zile fimbo? Wameshika kama ninavyoshika mimi."

Bakora yake ameikata vipande viwili, nimeona akimpa Mwantumu akapikie.

Jumapili, 18 Mei



Asubuhi Chausiku alikwenda mwenyewe jikoni. Mwantumu akatoka, akamwachia nafasi. Alikaa mbele ya mafiga nusu saa, kisha akachukua kijinga, akapuliza, moto ukashika. Jasho lilimtiririka mpaka kifuani, lakini hakukimbia. Akabandika maji ya chai. Fabiani akaanza kupiga makofi, vijana wote wakapiga.

Tulikunywa chai ile. Baadaye, tukichambua maharage wawili tu, akanieleza. Septemba iliyopita, wakati wa kuhamia vijijini, mgambo walifika kwao asubuhi wakawaambia watu watoe vitu. Bibi yake alikuwa amepooza, alilala ndani. Chausiku alikuwa akibembeleza apewe muda atafute wa kumsaidia kumbeba. Kamanda akasema, "Akisikia joto atatoka mwenyewe," akaweka kibiriti kwenye nyasi za paa. Chausiku aliingia. Alishika boriti iliyokuwa imemwangukia bibi. Haikunyanyuka.

"Yule kamanda ulimjua?"

"Jina sijui. Mrefu. Anacheka kidogo kabla ya kusema. Alicheka, ndipo akasema vile."

Maharage yalinimwagika.

Wako wanaume wengi warefu. Wako wengi wanaocheka kabla ya kusema. Nimejiambia hivyo mchana kutwa. Sukari ya Mdoe imo kwenye mkebe juu ya rafu yangu, na ndiyo tuliyokunywea chai.

Jumatatu, 19 Mei

Sikumwambia mtu. Maksai ni wa kijiji. Mdoe akituchukia, kambi haimalizi mwezi. Najua hizi ni sababu nzuri. Najua pia kwamba nilipenda kuzungumza naye.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua kubwa. Kijito kimefurika, tumepoteza mihogo ya ukingoni. Chausiku amelia kwa ajili ya mihogo, kilio cha kawaida cha mkulima.

Jumapili, 1 Juni

Fabiani amefariki leo asubuhi, hospitalini. Sasa niandike yote, kwa mpangilio, maana kesho nitaulizwa.

Alhamisi, tarehe 29, Mdoe alikuja kuchukua maksai wake kwa kazi ya kijiji. Hakupita kwangu. Alikwenda moja kwa moja shamba la kijitoni ambako Lesiamon alikuwa amewapeleka kunywa maji. Mimi nilikuwa kibandani nikifunga paja la Rehani. Aliyoyaona Lesiamon ndiyo haya.

Mdoe alimkuta Chausiku akipalilia. Hakumtambua. Akacheka kidogo, akasema, "Hodari kweli, binti." Chausiku akainua kichwa, akamwangalia muda mrefu. Akamuuliza, "Bibi alitoka?"

Mdoe akasema, "Bibi gani?"

Akamuuliza tena, taratibu, "Ulisema akisikia joto atatoka. Alitoka?"

Lesiamon anasema uso wa Mdoe ulibadilika, kwamba alijua. Akapiga hatua moja nyuma. Chausiku akainua jembe. Lilimkosa utosi, likashuka ubavuni mwa kichwa, likaondoka na sikio la kushoto na kipande cha shavu, na kuvunja mfupa wa bega. Akainua tena. Lesiamon akalidaka jembe kwa mpini, akamwambia kwa Kimaa neno ambalo hakutaka kunitafsiria, na Chausiku akaliachia.

Nilifika nikiwa nimesikia ukelele. Sikio lilikuwa limelala kwenye majani ya mahindi. Nilimfunga Mdoe kwa kanga yangu, na damu yake ilikuwa ya moto, ikiniingia mikononi mpaka viwikoni. Chausiku alikuwa ameketi kwenye tuta, amekunja mikono.

"Sikuona moto," akaniambia. "Nimemwona yeye."

Watu wa kijiji walimchukua Mdoe kwa machela. Saa tisa Mama Mwantumu akaja mbio, kanga imemvuka, miguu imechubuka. "Wanakuja! Wana mapanga na mitarimbo. Wanasema wanamtaka yule binti, na wakimkosa watachukua yeyote."

Nilisema nitaongea nao. Mimi ni nesi, wananijua. Fabiani akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto.

"Utaongea na nani, Sista? Hao wakishakuwa arobaini si watu tena, ni kitu kimoja. Mimi nimewahi kuwa ndani ya kitu hicho. Chukua vijana. Lesiamon anajua kupita porini bila kuacha nyayo."

"Na wewe?"

"Lazima wamkute mtu. Wakikuta kambi tupu watatufuata."

Lesiamon alikataa kuondoka. Alishika rungu lake akasimama kando ya Fabiani. Wawili hao walitazamana, na Fabiani akamgusa kwa ile plasta begani. "Mkono ulionivunja nitakudai siku nyingine," akasema. "Leo una ng'ombe wanane wa kuchunga. Nenda."

Tukaenda. Lesiamon alituonyesha njia, akabaki nyuma akiwaswaga wale maksai ili kwato zifute nyayo zetu. Tulijificha kwenye kichaka cha miiba juu ya kilima, hatua kama mia nne kutoka kambini. Tuliwaona wakiingia. Tulimwona Fabiani amesimama mlangoni mwa banda la wasichana, akisema nao. Maneno hatukusikia. Kisha hatukumwona tena, tulikuwa tukiona mikono tu ikipanda na kushuka, kama watu wanaotwanga. Rehani alitafuna shati lake. Banda la kwanza likawaka moto, la pili, na kibanda cha dawa.

Chausiku akasimama. "Wananitaka mimi," akasema. "Nikienda watamwacha." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekwenda kuchota maji. Nikamshika mguu. Akajivuta. Nikamvuta chini, nikamkalia kifua, nikatoa sindano niliyokuwa nimeitia mfukoni, nikamdunga pajani kupitia nguo. Alinitazama mpaka dawa ilipomchukua. Hakupigana nami.

Miaka minne nimedunga watu waliokuwa wakipiga kelele. Huyu ni wa kwanza niliyemdunga akiwa na akili zake, kwa sababu alikuwa anasema kweli na mimi niliogopa.

Walipoondoka tulishuka. Fabiani alikuwa hai. Fuvu lilikuwa limebonyea upande mmoja, mkono uliokuwa mzima nao umevunjika. Lesiamon alimbeba mgongoni peke yake maili nne mpaka barabara kuu, na lori la mkonge likatuchukua mpaka Korogwe. Fabiani hakuzungumza tena. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi ameacha kupumua, mimi nikiwa nimemshika vidole.

Nilimjua Mdoe tangu tarehe 18. Ningemwambia Fabiani, angejua la kufanya. Ningemwambia Chausiku, angejiandaa au angeondoka. Nilinyamaza kwa ajili ya maksai wawili na mkebe wa sukari.

Jumatano, 4 Juni

Tumemzika Fabiani kwao. Vijana wote walikuja. Lesiamon alishika jembe akafukia kaburi pamoja nasi, akitazama kazi yake.

Polisi wamekamata watu sita wa kijiji. Chausiku yuko rumande. Mdoe atapona.

Jumatatu, 9 Juni

Wanataka ripoti yangu. Amekuja mtu kutoka wilayani, na daktari naye amekuja. Wote wawili wanataka jambo moja kwa sababu mbili tofauti. Yule wa wilayani anataka niandike kwamba mgonjwa alishikwa na wazimu ghafla na kumshambulia mtu asiyemjua, ili habari za Septemba zisizungumzwe mahakamani. Daktari anataka niandike hivyo ili kumwokoa.

"Akionekana hana akili timamu hafungwi," alinisihi. "Anarudi kwetu, wodini. Hilaria, mtoto huyu gerezani?"

Nilimwambia nitajibu kesho.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda rumande. Nilianza kwa kumwomba msamaha kwa ajili ya ile sindano. Akanikatiza.

"Ulinidunga ili nisiende. Fabiani akafa. Hilo ni lako, Sista, mimi siwezi kulibeba."

Kisha nikamweleza habari ya ripoti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikirudi wodini nitakaa mpaka lini?"

"Mpaka daktari aseme umepona."

"Na gerezani?"

"Mpaka siku ambayo hakimu ataitaja."

"Basi andika nilijua." Akaweka viganja vyake juu ya meza baina yetu, makovu juu. "Ukiandika wazimu, ina maana bibi yangu nilimwota."

Jumatano, 11 Juni

Nimeandika. Kurasa nne. Nimeandika kwamba kwa karibu wiki saba alikuwa akilala bila dawa, akilima, akiwasha moto, akipika. Nimeandika aliyonieleza tarehe 18 Mei, na kwamba nilimtambua mtu huyo nikanyamaza. Nimeandika kwamba siku ile alijua anamkata nani na kwa nini. Mtu wa wilayani alisoma amesimama. Akaniuliza kama nina wazazi wanaonitegemea. Nikamwambia ninao, wako Mpale. Akasema, "Ungewafikiria."

Daktari alikunja nakala yake akaitia mfuko wa koti.

Ijumaa, 13 Juni

Tunalala wote banda lililobaki. Nyani wamekula robo ya shamba.

Jumanne, 24 Juni

Mahakamani Korogwe. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mdoe aliletwa kichwa kimefungwa bandeji.

Hakimu akamuuliza Chausiku, "Ulikuwa na habari ya unachokifanya?"

"Nilikuwa nayo, mheshimiwa."

"Ulitaka kumuua?"

Akafikiri. "Nilitaka anijibu kwanza. Hakunijibu."

Hakimu akamgeukia Mdoe, akamsomea ile sehemu ya ripoti yangu. Nilidhani atakana. Yule mtu wa wilayani, mstari wa mbele, alikuwa akimkazia macho. Mdoe hakucheka.

"Nilitumwa kuhamisha watu," akasema. "Kuchoma sikutumwa. Nilidhani bibi yule anajifanya. Nilisikia sauti yake ndani, nikadhani bado anajifanya." Akafunga mdomo, akafungua tena. "Halafu ikakatika."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti, na wengi wakaitikia. Hakimu aligonga meza mpaka akachoka.

Chausiku amepewa miezi minane, shamba la gereza. Kuhusu nyumba iliyochomwa, hakimu ameagiza polisi wafungue jalada. Sijui kama watalifungua. Alipokuwa anatolewa askari alitaka kumtia pingu, akamnyooshea mikono, askari akaitazama mikono ile, akazirudisha pingu kiunoni.

Jumamosi, 19 Julai

Tumevuna. Si haba, hata baada ya nyani. Juzi Mama Mwantumu alikuja na wanawake kumi na wawili wa kijijini kutusaidia kupukuchua. Hawakusema kwa nini. Mmoja wao mumewe ni kati ya wale sita waliokamatwa. Alikaa karibu na Lesiamon kutwa nzima, akimsogezea mahindi.

Daktari amekubaliwa msimu mwingine. Rehani ameomba abaki. Lesiamon ameondoka jana kwa miguu kuelekea mbugani, kuna mjomba wake mwenye mitamba. Alinipa mkono, akaondoka bila kugeuka.

Mimi nimepata barua. Nahamishiwa zahanati ya Mombo, kufunga vidonda vya abiria wa ajali za barabara kuu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kumwona Chausiku kabla ya kuripoti Mombo. Amenenepa kidogo. Wanalima mboga, na yeye ndiye kiongozi wa kundi lake. Nilimpelekea sabuni na ndizi. Nikamuuliza kama analala.

"Nalala. Siku nyingine namwota bibi, lakini yuko nje, anaota jua."

Tukakaa. Mlinzi akatangaza dakika tano zimebaki. Nikamwambia bado siwezi kulala mimi, kwamba namwona Fabiani pale mlangoni na namwona yeye akinitazama chini ya sindano. Sikuwa nimekusudia kumwambia. Mimi ndiye nesi.

Hakunifariji. Alikata ndizi vipande viwili, akanipa kimoja, tukala.

"Mdoe anasikia?" akauliza.

"Sikio moja tu."

"Linatosha," akasema, akainuka kurudi kwenye mboga zake.